Miti Aliyoichagua Mama

Mama yangu alizaliwa upande wa Shinyanga, mahali ambapo utotoni mwake kuni zilikuwa zimekwisha na watu walipikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Alipoolewa huku Geita akakuta msitu unaanzia nyuma ya nyumba ya mume wake, alidhani ameolewa na tajiri. Hilo alituambia mara nyingi, hasa baba akiwepo. Baba hakuwa tajiri. Alikuwa na ng'ombe wachache na maneno mengi.

Kwa hiyo wachoma mkaa na wakata matimba walipoanza kuumaliza ule msitu, mama hakukaa kimya. Matimba ni magogo yanayosimamishwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili udongo usiwaangukie wachimbaji. Kila duara linakula miti, na huku kwetu maduara ni mengi kuliko visima. Mama alikuwa ameshaona nchi isiyo na miti, akasema hana nguvu ya kuiona mara ya pili.

Akawakusanya wanawake, na wazee wawili watatu waliochoka kukaa tu, wakaomba kijijini ukanda wa ardhi kandokando ya msitu wafanye bustani. Kazi ilikuwa ya kujitolea, kila mtu na asubuhi zake. Mimi nilikuwa na genge la mboga Katoro, na niliposikia kwamba msitu utalindwa kwa mchicha na bamia, nilicheka mpaka wateja wakanigeukia. Nikamuuliza mama kwenye simu kama nyanya chungu zitakuwa askari wa zamu ya usiku. Akanijibu kwamba nikimaliza kucheka nije na ndoo.

Nilipokwenda ndipo nilipoelewa. Bustani ilipita kati ya njia na miti, na mbele yake wakapanda ua wa minyaa wenye mlango mmoja tu, mwembamba. Mtu mwenye shoka hakuweza kuingia msituni bila kupita katikati ya watu walioinama wakipalilia, na kwa Wasukuma hupiti watu walioinama ukanyamaza.

"Mwangaluka," mama angesema, akinyoosha mgongo taratibu.

"Mwangaluka, mama."

"Nyumbani mhola?"

"Mhola."

Halafu ng'ombe. Halafu watoto. Halafu yule bibi aliyekuwa anasumbuliwa na miguu, je, anatembea siku hizi? Mpaka mtu amalize kujibu, ameshajulikana ni wa nani na anatoka wapi, na shoka lake limetazamwa na kila mmoja bila yeyote kulitaja. Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyumbani. Katika mvua chache tu, visiki vilichipua, vikawa vijiti, vikaanza kuwa miti. Mama alinitembeza ndani akinionyesha kila kimoja kama mtu anayetambulisha ukoo.

Mdogo wangu, kitindamimba wake, alikuwa mchimbaji. Siku moja alikuja bustanini na wenzake wawili, panga mkononi. Nilikuwepo, nafunga mafungu ya sukuma wiki ya kupeleka gengeni.

"Shikamoo, mayu," akasema. Mayu ni mama, na yeye hakuwahi kumwita vingine.

"Marahaba. Hilo panga la nini?"

"Duara letu limeshuka sana. Tunataka matimba magumu ya humu, machache tu."

Mama aliifuta mikono kwenye kanga. "Nikikupa wewe, kesho nitamwambia nini mtoto wa mwenzangu?"

Wanawake waliendelea kupalilia, lakini majembe yalikuwa yamepunguza sauti. Mdogo wangu hakukasirika. Hakuwa mtu wa hasira, hasira zote za nyumbani kwetu nilizichukua mimi. "Basi, mayu, tutanunua mikaratusi," akasema. Akachuma nyanya moja, akaifuta kwenye shati, akaondoka huku anaitafuna.

Mvua zilipokolea, bodaboda alikuja kunifuata gengeni. Aliniambia nipande. Nikaacha genge wazi na mizani juu ya meza.

Duara la mdogo wangu lilikuwa limefunga, udongo umeporomoka. Wenzake walikuwa wametoka, yeye amebaki chini. Mikaratusi ilikuwa imevunjika, na kuta zilizobaki zilizidi kumeguka kila mtu aliposogea. Hakuna aliyekubali kushuka bila matimba mapya, na siwalaumu, nao wana mama zao. Mchimbaji mmoja alikuwa amelala kifudifudi, sikio chini. Akainua uso, akasema anasikia mtu anagonga.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa pembeni na simu, anatafuta ruhusa ya kukata miti ya hifadhi. Simu haikupokelewa. Mama alifika bila viatu. Alimsikiliza yule wa sikio chini, kisha akauliza, "Mnataka ya unene gani?"

Mchimbaji akaonyesha kwa viganja viwili. Mama akageuka, akaenda, nasi tukamfuata.

Hakupitia mlangoni, maana gogo lisingepita pale. Aliufyeka ua wa minyaa yeye mwenyewe, na utomvu ulivyokuwa unaruka mtu mmoja akamwambia afunike macho, hakusikia. Akaingia msituni mbele ya wanaume wenye mashoka, anapiga mashina kwa kiganja. "Huu. Na huu. Ule uacheni, una tundu ndani. Huu." Alikuwa anaijua yote. Alichagua iliyonyooka, ile aliyokuwa akijivunia zaidi. Wanawake wa bustani wakabeba magogo mabegani pamoja na wanaume, na watu hawa ambao hawapalilii hata tuta moja bila wimbo, siku ile walitembea kimya.

Walimfikia jioni. Alikuwa ameshakufa. Mpaka leo sijui kama aliyegonga alikuwa yeye au ni mawe yaliyokuwa yanajipanga, na nimechoka kujiuliza. Ninajua tu kwamba tulimtoa mwili wake ukiwa mzima, tukamzika nyumbani, na kwamba ni miti ya mama iliyotuwezesha.

Msibani wapo waliosema. Kwamba kama angempa ile miti alipoiomba. Walisema nyuma ya nyumba, wakiosha masufuria, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike. Nilitaka kuwavaa, na shangazi akanishika mkono. Mama alikuwa ndani, ameegemea ukuta uleule uliokuwa kati yao na yeye. Alisikia kila neno. Hakuwahi kuwajibu, na mbaya zaidi, hakuwahi kunilalamikia.

Baada ya matanga alirudi bustanini. Wenzake walitaka kuliziba lile pengo la ua, akasema wasubiri, ardhi ikauke kwanza. Ardhi ilikauka. Pengo likabaki, likawa njia, na watu wakaanza kupita na mashoka. Waliamkia vizuri. Wanawake waliitikia na kuinama zaidi kwenye matuta yao, kwa sababu kumzuia mtu pale ilikuwa ni kama kumtaja marehemu mbele ya mama yake, na nani angeweza?

Mara ya mwisho nilipokwenda kuchukua mboga, alikuja mchimbaji mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidevuni na shoka begani. Nilikuwa nimetua ndoo yangu ya mchicha katikati ya pengo. Akasimama. Mama alinyanyuka kutoka kwenye tuta kumkabili mtu wa shoka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilidhani mama yule wa zamani amerudi.

"Kuna mtu amefukiwa?" akamuuliza.

"Hapana, mama," yule mtu akasema kwa upole. "Nataka asifukiwe."

Mama alimtazama, akautazama na msitu nyuma yangu, ambao sasa ulipenyeza mwanga wa upande wa pili. Kisha akaniambia niondoe ndoo njiani, mzee apite.