Sijawahi Kumwona Dada Akiruka

Watu wa Makambako wamemwona dada yangu akiruka kuliko nilivyomwona mimi. Wana video kwenye simu zao, wananionesha pale stendi kana kwamba mimi sikuwepo. Nilikuwepo. Nilikuwa kushoto kwake, mita kumi juu ya maji, nimevaa nguo ya kuogelea ya rangi moja na yake, na sikuona kitu.

Dada ni binti wa mama mkubwa. Mchezo wetu ni wa kuruka wawili kutoka jukwaani: mnajikunja, mnageuka na kuzama kwa pamoja, na majaji wanataka msipishane hata kidogo. Ukimtazama mwenzako shingo inageuka, na shingo ikigeuka mwili wote unakwenda kombo. Kwa hiyo unatazama mbele na kusikiliza. Yeye alihesabu, mimi nikasikiliza sauti yake na miguu yake ikiliacha jukwaa. Hata kwenye video, macho yangu yenye ubinafsi yalikimbilia vidole vyangu mwenyewe.

Tulianzia kwenye maranda. Baba mkubwa, baba yake, alikuwa na mashine ya kupasua mbao nje kidogo ya Njombe. Tulipanda juu ya rundo la mbao na masweta yetu, tukajitupa ndani ya maranda, tukarudi nyumbani tunawashwa mpaka shingoni. Bwawa lilikuja baadaye, Dar es Salaam, halafu nchi za watu. Hatukuleta medali, na hilo halinisumbui.

Linalonisumbua ni hili. Tulipoacha mashindano nilimwomba kitu kimoja tu: twende Manda, ziwani, aruke peke yake kutoka mwambani, mimi nikae mchangani nimtazame kama mtu mwingine yeyote. Alicheka, akakubali. Mwaka ule alikuwa na chai ya kuchuma Lupembe, alikoolewa. Mwaka uliofuata mimi nilikuwa na mtoto mchanga. Tulidhani ziwa litatusubiri, na kweli ziwa lipo, ila jicho lake la kushoto likaanza kuingia giza pembeni, na daktari akamkataza kupiga maji kwa kichwa maisha yake yote. Nililia kuliko yeye. Roho inaniuma mpaka leo.

Pasaka iliyopita tulikutana kwa baba mkubwa. Mashine ilikuwa imezimwa kwa sababu ya sikukuu, maranda yamejaa vilevile. Dada alivua viatu, akaniambia nisimame kwenye ubao uliolala pembeni ya rundo la mbao.

"Kwa miguu tu," alisema. "Daktari hakutaja maranda."

Alipanda taratibu, kama mama mtu mzima anayepanda lori. Akanyoosha mikono. Nikamkazia macho, nikaapa moyoni kwamba sitapepesa.

Akahesabu, kwa sauti ileile. Ilipofika tatu shingo yangu ilinyooka yenyewe, magoti yakakunjika, na nikajikuta natazama ukuta mbele yangu huku ubao ukilia chini ya nyayo zangu. Nilipogeuka alikuwa ameshazama hadi kiunoni, anatema maranda.

Aliniuliza kama nimemwona. Nikamjibu nimemwona, tena vizuri sana.

"Mdogo wangu," akasema, "nimesikia miguu yako."