Kiingereza cha Kuvukia Ziwa

Harufu ya mafuta ya nywele ya Alimasi ilitangulia kuingia ghalani, mwenyewe akaifuata nyuma. Ghala lile la mji wetu wa Baraka, upande wa Wabelgiji, lilikuwa la pamba. Msimu ukipita lilibaki tupu, vumbi tele na mbegu chache kwenye nyufa, na humo ndimo alimofungua darasa lake la Kiingereza cha wasafiri. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Alimasi alikuwa amerudi kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kwa Waingereza, na alikuja na viatu vya kamba, kaptula iliyopigwa pasi ikakauka kama ubao, na mwavuli ambao hakuufungua hata mvua iliponyesha, asije akauchakaza. Watu wazima waliojua kulima, kuvua, kuzalisha na kuzika walikaa chini mbele ya mwavuli huo, wakaitwa wajinga, wakashukuru.

"Muingereza haiko sawa na Mubeleji," alituambia. "Ukimusemesha Kiswahili, anakufukuza. Anasikia Kingereza tu." Kwa hiyo kila aliyetaka kuvuka, awe anakwenda kuuza mchele au kutibiwa, alipaswa kuyajua maneno yake yote, asimame mbele ya wenzake ayataje bila kukosea, ndipo Alimasi amwambie sasa safiri. Hakuwa mtu wa serikali wala wa kanisa, na hakuna aliyempa mamlaka hayo. Lakini kwetu mwenye viatu akisema ngoja, watu walingoja. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tulilicheza kama ngoma.

Mama alijiunga kwa ajili ya Riziki, mdogo wangu wa miaka minne, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa. Siku ya kupura mpunga kapi lilimwingia jichoni. Muuguzi wa zahanati alilisafisha, kisha akasema mtoto apelekwe Kigoma, kuna daktari anayejua macho, na asicheleweshwe. Mjomba Musa, kaka yake mama, alikuwa mvuvi wa Ubwari na alilivuka ziwa lile tangu alipoweza kushika kasia. Alikuja na mtumbwi wake tayari. "Dada, kule banasema Kiswahili. Hata ule muzungu mwenyewe anakisema. Twende kesho." Mama aliitazama miguu ya mjomba iliyopasuka, yenye magamba ya samaki, akacheka. "We ulisomea wapi?" Nabii hakubaliki kwao. Mjomba akarudi Ubwari peke yake.

Mama akasoma. Alilima muhogo huku akiimba Kiingereza, akapika huku akiimba. Na maneno yenyewe yalikuwa nini? Kijiko. Sahani. Kola ya shati. Ndiyo bwana, samahani bwana, chai iko tayari bwana. Mtu yeyote mwenye akili angejiuliza kwa nini msafiri atangaze kwamba chai iko tayari. Alimasi alikuwa boi wa nyumbani huko ng'ambo, basi. Kutandika kitanda cha mzungu si aibu, wengi wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Aibu ni kurudi kwenu na kuwafundisha ndugu zako wote kuwa maboi, ukiita hiyo elimu. Neno la jicho halikuwemo. Neno la kuomba msaada halikuwemo pia.

Lakini nisimcheke yeye peke yake, maana nyani haoni kundule. Mimi niliyashika maneno yote kwa siku mbili, na Alimasi akanifanya msaidizi wake: nimsikilize mama nyumbani, kisha nitoe ripoti. Nililewa sifa. Nilimkatiza mama akigeuza ugali, nikamrudishia neno mara kumi, nikaguna kwa sababu ya ulimi wake mzito. Kila siku ya soko Alimasi aliniuliza mbele ya watu, "Zawadi, mama anajua?" Nami, nimesimama wima kama askari, nilijibu, "Bado, Mwalimu." "Basi, juma ingine." Tulifanya hivyo majuma matatu. Jicho la Riziki lilikuwa jekundu, likaanza kuweka weupe kama la samaki aliyechemshwa. Alipoacha kulia tulidhani anapona. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema wahenga.

Juma la nne mama alifaulu, ghala zima likapiga makofi, na mjomba akaja tena na mtumbwi wake, akatuvusha. Daktari alikuwa mzungu mwenye shingo nyekundu na mikono mikubwa. Mama alisimama mbele yake, mikono imebana mapajani, akatoa alichokuwa nacho: "Gudi moningi, sa. Ti izi redi, sa." Daktari alimtazama, akanitazama na mimi. Hakucheka, na afadhali angecheka. "Karibu, mama, keti," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. "Mtoto anaumwa tangu lini?" Alimpima Riziki kwa muda mrefu. Kisha akasema jicho hilo halitaona tena. Angeletwa mwezi uliopita, angejaribu kuliokoa. "Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

"Tulikuwa tunajifunza Kingereza," mama akajibu.

Mjomba alikuwa mlangoni, alisikia yote. Alimbeba Riziki mgongoni akatangulia mtumbwini. Tuliporudi Baraka, Alimasi alieleza darasani kwamba kosa lilikuwa la mama, hakutamka vizuri, na watu wakatikisa vichwa wakakubali. Msimu uliofuata wanafunzi wake waliongezeka. Ningependa kusema alifukuzwa, lakini nitakuwa mwongo.

Sasa mimi ni mwalimu mstaafu, na watu bado wale wale, viatu tu ndivyo vimebadilika. Juzi mjukuu wa Riziki alikuja na simu yake, anavuka kwenda Kigoma kutafuta kazi, na simu imemfundisha maneno ya Kiingereza yamfaayo msafiri: uwanja wa ndege, chumba chenye dirisha la baharini, kahawa isiyo na sukari. Kijana anayepanda boti ya mizigo amekalia gunia la dagaa! Akaniomba nimsikilize kabla hajaondoka. Alikosea neno la kwanza, akakosea la mwisho, na katikati sikuelewa kitu. Riziki alikuwa kando yetu anachambua maharage, amegeuza kichwa kizima upande wa kushoto kama afanyavyo ili aone sinia.

"Unajua yote," nikamwambia kijana. "Enda, boti isikuache."

Akaondoka anacheka. Riziki hakuacha kuchambua.

"Ungemuambia na mama vile, yaya."