Nasambu na Mkwe Wake Juu ya Kilima

Mwacheni Nasambu wa watu apumzike. Kila mkija hapa Kariobangi mnataka habari za Italia, kana kwamba sisi hatuna zetu. Haya, kaeni. Lakini atakayecheka mila za watu, mlango ndio ule.

Nasambu aliuza dagaa wa omena na mboga sokoni tangu bwanake, Wanyonyi, alipofariki. Binti yake Lorine akaolewa na Paolo, Mwitaliano aliyekuja kutengeneza mashine za kiwanda kimoja huko Industrial Area, hapa hapa Nairobi. Sasa sikieni. Kwao Nasambu, huko Bungoma, mama na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima. Na Nasambu alivyo, heshima aliishika kama kupe. Paolo alipokuja kuposa, mama mtu alijifungia jikoni mpaka mgeni akaenda zake.

Mwaka wa tisini na sita Lorine akajifungua mtoto wa kiume huko Italia walikohamia, akampa jina la babu yake. Akamtumia mama tikiti. Nasambu akaenda, akamkuta Wanyonyi mdogo, akasahau hata baridi. Lakini nyumba ile haikuwa na amani. Paolo akiingia, yeye anatoka. Paolo akiketi kula, yeye anabeba sahani yake chumbani. Kijana wa watu akaanza kununa. Jumapili akasema wote waende kutembea Castelvento, mji wa kale ulio juu ya kilima. Labda huko mama huyu atacheka, alifikiri.

Ndani ya gari Nasambu alijifunika leso gubigubi. Barabara inapanda kwa kuzunguka, huku mwamba, kule bonde, na Paolo anakanyaga mafuta kama anayefukuzwa.

Huko juu, nyumba ni za mawe matupu, zimebanana kushinda vyumba vya ploti zetu hapa, na vichochoro vyake watu wawili wakikutana lazima mmoja asimame ubavu. Nasambu akamfunga Wanyonyi mgongoni, akabaki nyuma makusudi. Paolo alipoona hawaonekani, akamwacha Lorine mbele, akarudi kuwatafuta. Wakakutana uso kwa uso katikati ya kichochoro. Pa kupita hapana.

Paolo akanyoosha mkono. "Mama. Salamu."

Nasambu akageuka, akaupa ukuta uso.

"Lorine!" Paolo akapaza sauti mpaka madirisha yakafunguliwa. "Kuja! Mama yako naona mimi nini? Mimi mbwa?"

Lorine akaja mbio. "Ni macho, Paolo. Jua linamuumiza."

"Jana wewe nasema mgongo! Nairobi nasema malaria! Leo macho!"

Nasambu akasikia hayo. "Lorine, kwani mumeo hukumwambia?"

"Ningemwambia nini, mathe? Atuone washamba?"

"Mathe ni wa huko kwenu kwenye stegi ya matatu! Umenifanya mgonjwa miaka yote hii?"

Paolo alikuwa amekuwa mwekundu. "Basi. Kesho mama rudi Nairobi. Na mtoto hapana kuja huko, siku hata moja. Mtoto hapana kwenda nyumba inachukia baba yake."

Lorine akaanza kulia. Nasambu akimjibu mkwe, amevunja mila aliyoilinda maisha yake yote. Akinyamaza, Wanyonyi ndio basi tena. Kitoto kikachezesha miguu mgongoni, kikamcheka baba yake.

"Wanyonyi, bwanangu," Nasambu akamwambia mjukuu mgongoni, uso bado ukutani. "Wewe unamwona. Mwambie huyo mtu aliye mbele yako: kwetu mkwe haangaliwi usoni. Anaogopwa kama mfalme. Mwambie ningekuwa namchukia, ningemsalimia zamani."

Lorine mwenyewe aliacha kulia. Paolo akamtazama mkewe. Lorine akainamisha kichwa: ni kweli.

Paolo akamwinamia mtoto. "Wanyonyi, ambia nyanya... mimi nafikiri yeye hapana penda rangi yangu."

"Mwambie rangi nimeionea wapi, na simtazami?"

Paolo akacheka bila kutaka. Lakini Nasambu hakucheka. "Wanyonyi, muulize. Na ile kesho ya kurudi Nairobi?"

Paolo alimshika mtoto kidole.

"Ambia nyanya, kesho hiyo hapana."

"Mwambie asante. Mwambie na yeye ageuke, apite."

Paolo akageuza mgongo, akavuta tumbo ndani, akapita taratibu. Hata nguo hazikugusana. Saa ya kula alichukua meza yake peke yake upande wa pili wa uwanja wa mji, akapeleka chakula cha mama kwa mkono wa Lorine.

Sasa wewe uliyeoa, na mama wa mkeo anakukwepa: usinune. Kamuulize mkeo leo, kabla hujala. Halafu uje uniambie alivyojibu, na asikudanganye habari za malaria.