Vilele vya Neema

Leo nimekatiwa simu katikati ya maelezo, tena na mwanafunzi wangu mwenyewe.

Neema anatetea tasnifu kesho.

"Shikamoo, Mwalimu! Unga wangu wa fuwele umetoa vilele vipana kwenye grafu ya eksirei. Si ndiyo dalili ya fuwele ndogo?"

"Marahaba, binti. Ulipima pia unga wa fuwele kubwa, kwa mashine hiyohiyo?"

Kumbe hakupima.

Nikamweleza kuwa mashine nayo hupanua vilele, jamani. Usipoondoa upana wake, utatangaza fuwele ndogo kuliko zilivyo.

"Uwii! Umeniokoa, Mwalimu. Ngoja nikapime!"

Akakata.

Nami sijafika kwenye fuwele zilizopindika, maana nazo hupanua vilele. Nimempigia, hapokei. Yuko maabara, ndivyo nilivyomfundisha.

Huku Lushoto ukungu umeshuka. Nani yupo, nimweleze yaliyobaki?

Tangu mke wangu afariki, hakuna hata wa kuniambia inatosha.