Udongo Usiootesha Haragwe

Mwaka ule nilikuwa nafundisha gredi ya pili katika shule ndogo ya mabati pale Kisumu Ndogo, Kibera, na nyumbani kwangu kulikuwa Kabiro, Kawangware, nilikopanga chumba. Somo la mazingira lilikuwa limefika kwenye udongo. Kitabu kilitaka watoto waende shambani wakachukue udongo wa kichanga, wa tifutifu na wa mfinyanzi. Shamba lenyewe halikuwepo. Hata uwanja wetu wa kuchezea ulikuwa simiti. Nikawaambia kila mmoja alete udongo wa kwao.

Waliuleta kwa fahari ambayo sikuitarajia, kwenye makopo ya siagi, kwenye mifuko ya unga, mmoja kwenye soksi. Tuliulowesha tukauviringisha viganjani kama kamba: unaokatika ni kichanga, unaojikunja bila kukatika ni mfinyanzi. Mwingine tukautia kwenye chupa za maji, tukatikisa, tukauacha. Kesho yake tulikuta mchanga umekaa chini, tope juu yake, na juu kabisa vipande vya nailoni vikielea. Mtoto mmoja akataka kujua nailoni ni udongo wa aina gani. Nilimwambia si udongo. Akanitazama kama mtu anayefichwa jambo, maana kwao, ukichimba, hiyo ndiyo inayotoka.

Mwishowe tukapanda maharagwe, kila mtoto katika udongo wa kwao. Nami nilileta kopo langu, udongo niliouchota kwenye gunia nililopandia sukuma wiki pale mlangoni kwangu Kabiro.

Siku ya tano maharagwe yakaanza kuchungulia. Hata lile la kwenye soksi lilimea. Lililokataa ni la msichana mmoja wa miaka minane, mtoto mtulivu aliyeketi karibu na mlango. Udongo wake ulikuwa wa kijivu, na ulikuwa mzito kuliko kopo dogo lile lilivyostahili kuwa. Nilikuwa nimeusikia uzito huo mkononi siku ya kwanza, nikapita.

Tulifukua haragwe lake, tukalikuta jeusi na laini. Tukapanda jingine, nalo likaoza. La tatu nilimpa nikiwa nimelichagua mwenyewe. Kila asubuhi aliinama juu ya kopo kabla hata ya kuweka begi chini. Mimi nilisema maji yamezidi, halafu nikasema jua halitoshi. Siku moja alinifuata wenzake walipokuwa wanakunywa uji.

"Ticha, ni mimi nakosea?"

Jioni hiyo nilimwomba anipeleke kwao.

Waliishi mwisho wa kichochoro, chumba kimoja, na mbele ya mlango palikuwa na nafasi ya wazi kama mikeka miwili. Hapo mjomba wake alikuwa akifanya kazi. Alipasua betri kuukuu za magari kwa nyundo, akamwaga maji yake chini, akatoa risasi, yale madini mazito ya ndani, akayayeyusha kwenye sufuria juu ya jiko la makaa. Alikuwa akiyamimina yawe vizito vya nyavu, vya kupelekwa ziwani. Alinisalimia vizuri sana, akanifutia kiti. Na katika vumbi lile la kijivu, mdogo wa mwanafunzi wangu, mtoto wa mwaka na nusu, alikuwa akitambaa. Alichovya vidole chini, akavilamba.

Nilijua kidogo tu. Chuoni tuliambiwa kwamba risasi ikiingia udongoni haiozi wala haiondoki, na kwamba mtoto akiila humharibu ubongo polepole, pasipo kidonda wala homa. Niliiandika kwenye daftari kwa ajili ya mtihani. Sasa nilikuwa nimesimama juu yake na viatu vyangu.

Nilimweleza mama yao yote niliyoyajua. Alikuwa akichagua dagaa wa omena kwenye ungo, na hakuacha kuchagua. Nilipomaliza alisema mdogo huyo bado hajatembea, na kwamba yeye alidhani ni uvivu tu. Nikamuuliza kama hawezi kumwomba kaka yake aipeleke kazi ile mahali pengine.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini ili isifike nje, "huyo ndiye anatulisha. Nikimfukuza na jiko lake, nitabaki nikilinda watoto na njaa yao."

Neno la kumjibu nimelitafuta mpaka leo.

Jumamosi niliandamana na mama huyo na mtoto wake mdogo hadi zahanati. Muuguzi alimpima mtoto uzito, akamfungua macho, akasikiliza. Alisema damu yake ingepaswa kupimwa risasi, ila kipimo hicho hapo hakipo, na hakuweza kutuambia kwa hakika ni wapi tungekipata. Alitushauri mtoto aoshwe mikono na ale vizuri. Mama aliitikia kila neno, kwa heshima. Tulipotoka nje alinishukuru, na shukrani ile ilinilemea.

Nilienda kwa mzee wa mtaa. Akasema niandike barua. Niliandika, nikaipeleka kwa mkono wangu, nikaulizia mara mbili, mara ya tatu nikaona haya.

Iliyobaki ni kuongea na mjomba mwenyewe. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, lakini alinisikiliza hadi mwisho ameinamisha kichwa. Alinionyesha viganja vyake, akasema viungo vinamuuma na tumbo linamkata, na kwamba alikuwa akijiuliza ni nini. Hakuwa na ufundi mwingine. Aliahidi kuhama, na akahama kweli ndani ya wiki ile: alibeba jiko, sufuria na nyundo, akavihamishia mdomoni mwa kichochoro, kando ya njia ambayo watoto wangu karibu wote hupitia kuja shule. Alikuja kuniambia mwenyewe, akiwa na furaha. Nilimwambia asante. Nasema ukweli, nilimwambia asante.

Nilimpa yule msichana udongo wa Kabiro apande upya. Alikataa, alisema huo si wa kwao. Akaniuliza kama udongo mgonjwa hupona. Nilimjibu kwamba mwingine hupona ukitiwa samadi na kupumzishwa, na huu sijui. Alifikiri, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Wenzake walikuwa wanapima mimea yao kwa rula, naye akawa anawasaidia kusoma namba.

Muhula ulipoisha nilijaza fomu za tathmini. Kwenye mstari wa udongo kulikuwa na swali moja tu: je, mwanafunzi anaweza kutambua aina za udongo wa mazingira yake? Kwa yule msichana niliweka alama kwenye kisanduku cha juu kabisa, amezidi matarajio. Niligonga muhuri wa shule, nikachukua fomu iliyofuata.