Mfua nazi wa Ndagoni apata nafasi ya kusoma Tanga

Jua ndio kwanza linachomoza Ndagoni, kisiwani Mafia, na Ussi bin Abeid ameshafua nazi arobaini. Anainua nyingine kwa mikono miwili, anaikita kwenye ncha ya kifuo, kile chuma kilichosimikwa ardhini, anaisokota, kumbi, ganda lake la nje, linaachia. Anaitupa kwenye lundo na kuinama tena.

Barua ya kumwita katika shule kubwa ya Tanga ilifika Jumatatu. Meli itamchukua baada ya majuma matatu. Mpaka siku hiyo, kazi yake ni ile ile: nazi mia tatu kwa siku.

"Nimechoka," anasema, bila kulalamika, kama mtu anayetaja jina lake.

Ussi anakadiria kuwa ana miaka thelathini na minane, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye kifuo. Kusoma kulimwingia kwa sababu ya karatasi moja. Miaka mitano iliyopita alitia alama kwenye mkataba wa kazi ambao aliambiwa ni wa miezi sita. Alipotaka kuondoka, akaonyeshwa kuwa ni wa miaka miwili.

"Mimi nimehitimu chuo," anasema. "Korani nimeisoma, na barua za herufi za Kiarabu nawaandikia watu. Lakini karatasi ile ilikuwa ya herufi za Kizungu. Niliitazama, ikanitazama."

Hapo ndipo alipojiandikisha katika darasa la watu wazima, kisiwani Chole. Siku tatu kila wiki, akishamaliza nazi zake na kuswali adhuhuri, huvuka kwa mtumbwi. Mwaka wa kwanza ni herufi na kusoma, wa pili hesabu, wa tatu barua za ofisini. Anayefaulu mtihani wa mwisho ana njia mbili. Ama aajiriwe hapa hapa forodhani, aandike orodha za mizigo, ama aende Tanga miaka miwili, atoke karani kamili au mwalimu.

Mwalimu wake, Azizi bin Shamte, ana miaka ishirini na minne. Humwamkia Ussi shikamoo kwanza, akaitikiwa marahaba, ndipo achukue daftari lake na kulisahihisha.

Mwaka jana Ussi alianguka katika mtihani huo. Kusoma alifaulu, lakini ilipofika imla vidole vilivyovimba kwa kazi havikuweza kuishika kalamu. Karatasi ilijaa wino. Azizi anasema hajawahi kumwona mtu mzima akilitazama kosa lake kwa muda mrefu namna ile.

Mwaka huu mwalimu akamshauri aupumzishe mkono siku kumi kabla ya mtihani. Ussi akaenda kwa msimamizi wa shamba kuomba ruhusa. Msimamizi alikataa, akasema nazi mia tatu lazima zipatikane kila siku, azifue nani si shauri lake.

Ussi alirudi nyumbani akalieleza jambo hilo kama lililokwisha. Mkewe, Somoe, alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alijifunga kanga kiunoni, akaenda kusimama kwenye kifuo cha mumewe.

Siku ya kwanza wanaume walicheka. Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Alikuwa akianza kabla yao na kumaliza baada yao, na hesabu yake haikupungua hata nazi moja.

Siku ya nane nazi iliteleza, na kifuo kikamwingia katika kiganja cha kushoto. Alikifunga kwa kitambaa, akamaliza kazi ya siku. Nyumbani akasema amejikata kwa kisu, na akamwonya binti yao Chiku asiseme lingine. Siku mbili zilizobaki alifua vivyo hivyo.

Ussi analieleza hili mwenyewe.

"Nilijua si kisu. Mimi ni mfua nazi, jeraha la kifuo nalijua. Nikanyamaza, maana mtihani ulikuwa umekaribia. Hilo ndilo linalonichoma."

Watu saba walifanya mtihani. Wawili walichaguliwa kwenda Tanga, na Ussi alikuwa wa pili.

Hakufurahi kama watu walivyotazamia. Jeraha la Somoe limefunga, lakini vidole viwili havikunjiki tena, na ukili wa kushonea mikeka hawezi kusuka. Ussi alikwenda kwa Azizi kwa siri, akamwomba amwombee ile nafasi ya forodhani ili asitoke Mafia. Azizi aliahidi kuuliza. Kabla hajauliza, Somoe akapata habari.

Hakumgombeza. Alimwekea chakula, akangoja anawe mikono, kisha akasema, "Baba Chiku, mkono huu sikuutoa ili wewe ukahesabu magunia. Nenda Tanga."

Basi imekubaliwa. Somoe na Chiku watahamia Baleni kwa kaka yake Somoe, aitwaye Jumanne, kwa miaka hiyo miwili. Ussi atawaandikia kila meli inapokuja, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo alizojifunza Somoe chuoni. Somoe ameshamwambia asiandike mambo ya kumfariji, aandike anakula nini na analala wapi.

Lililobaki ni kuchagua atakachosomea, kwani huko Tanga ataulizwa siku ya kwanza. Azizi anamsihi achukue ualimu, na anaamini kisiwa kina haja ya mwalimu wa namna yake kuliko karani mwingine.

Ussi anaipangusa mikono kwa kumbi, anaegemea mnazi.

"Mwalimu Azizi anasema kweli," anajibu. "Lakini nimemchunguza miaka minne. Yeye darasani husimama mchana kutwa. Karani hupewa kiti."