Upinde Mmoja wa Watu Wawili

Nikisikia harufu ya nta ya nyuki, hata leo, vidole vyangu huanza kutafuta uzi. Kule kwetu Sapiwi harufu hiyo ilimaanisha kwamba kiangazi kimeingia, pamba imeshatoka nyumbani, na mimi na kaka yangu Masanja tumekaa nyuma ya zizi tukifunga upya mafundo ya kamba ya upinde. Upinde ulikuwa mmoja, sisi tulikuwa wawili. Tulipewa na mjomba Maduhu, akasema akisikia tunaugombania atauchoma moto, na mjomba hakuwa mtu wa kutania. Ikabidi tujifunze kuutumia kwa zamu.

Masanja alisokota uzi wa pamba pajani, mimi niliupaka nta niliyoilainisha kwa joto la viganja. Kisha tuliuzungusha juu ya kamba yenyewe, iliyosokotwa kwa kano za ng'ombe, tukafunga fundo moja juu ya mahali unapokaa mshale na jingine chini yake, mshale usiteleze. Utamu wa kazi ulikuwa kwenye kukaza. Ukilegeza, fundo linahama ukivuta mara ya kwanza. Ukikaza mno, halitoki tena pale. Tulitaka mafundo yanayokubali kuzungushwa kwa vidole, yafuate msokoto wa kamba na kupanda au kushuka taratibu kama nati kwenye bolti. Maana hatukuvuta sawa. Masanja aliweka kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini yake, mimi niliviweka vyote vitatu chini. Kwa hiyo mahali pangu palikuwa juu ya pake, kwa upana wa punje ya hindi. Nikisahau kupandisha mafundo, mshale ulitikisa mkia njia nzima ukaenda kuchoma kichuguu, na Masanja alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka huo mjomba alikuwa anapeleka ng'ombe mbugani, mbali na nyumbani, na alihitaji mtoto wa kumlindia ndama dhidi ya mbweha. Mtoto mmoja tu, kwa sababu keria ya baiskeli yake haikubeba wawili. Habari za mbugani nilizisikia tangu nina akili: kulala nje kando ya moto, kunywa maziwa mpaka tumbo liume, kutoamshwa na mtu uende kisimani. Nilitaka kwenda kuliko kitu chochote duniani. Masanja naye alitaka, wala hakunificha.

Mjomba akachukua ringi kuukuu ya baiskeli, akaishindilia nyasi, akasema ataibiringisha kutoka kilimani. Kila mmoja atapiga mshale mmoja, na atakayechoma karibu zaidi na katikati ndiye atakayepanda keria. Mama alinung'unika kwamba mtoto wa kike hakai mbugani.

"Dada," mjomba akamjibu, "kwani mbweha atamuuliza?"

Masanja alitangulia. Mshale wake ulizama kwenye nyasi, vidole vitatu kutoka katikati. Nilisimama nimeikodolea macho ringi ile, nikipima, hata upinde nikausahau. Mjomba akachomoa mshale, akapandisha ringi kilimani, na mara nikasikia, "Kabula, ng'wanone, mwanangu, haya!"

Ringi ilikuwa tayari inashuka, inaruka juu ya vijiwe, vumbi nyuma yake. Masanja akanitia upinde mkononi. Hapakuwa na muda wa kuzungusha chochote. Nikapachika mshale, nikavuta, na vidole vyangu vikajua kabla yangu: mafundo yalikuwa juu, mahali pangu. Nikaachia. Mshale ulinyooka, ukazama katikati kabisa, ringi ikayumba na kulala chini. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Nilimuuliza Masanja kwa nini alinipandishia. "Ningekushinda kwa mafundo yangu," alisema, "ungenisema mpaka uzeeni."

Sasa mimi ni fundi cherehani hapa Dutwa, na nyuzi ninazo za kila rangi. Masanja ni mkulima huko Mwamanyili. Mbuga ile imelimwa pamba na dengu, na wanangu wanalala ndani, jambo ninalolishukuru. Lakini furaha ya ringi ile ikishuka sijaipata tena, na ninaikumbuka kwa uchungu kidogo.

Juzi Masanja alikuja na upinde wetu. Kamba siku hizi ni ya nailoni. Nikayafunga mafundo kwa uzi wa cherehani, nikapaka nta, nikapiga mshale kwenye gunia nyuma ya nyumba. Kisha, kabla ya kumpa, nikayashusha kwa upana wa punje ya hindi. Masanja akavuta. Vidole vyake vikatulia, akanigeukia kabla ya kuachia mshale.

"Kabula," alisema, "siku ile na mimi nilitaka kwenda mbugani."